Hedifoni Mbili na Mlima wa Riat

Nilisikia Mbuta kabla sijaiona. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane mwaka huu, Awasi, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya duka la Anti Risper nikichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Barabara ya Kericho ilikuwa na makelele yake ya siku zote: malori ya miwa, bodaboda, mtu wa spika anayeuza dawa ya panya na kuapa kwa jina la mama yake. Katikati ya yote hayo ikapenya sauti moja nzito, ya chini, inayodunda bila usawa kama mtu mnene anayepanda ngazi kwa haraka. Mkono wangu ukasimama ndani ya omena. Nilimtazama Anko Ogola, aliyekuwa amechuchumaa kando yangu akifunga bawaba ya mlango wa friji. Hakuinua kichwa. Anko hasikii tena. Nikamgusa goti, nikamwekea ngumi zangu mbili zikitazamana na kupigana taratibu, ishara yetu ya zile injini za Kijapani ambazo pistoni zake zimelala ubavu badala ya kusimama. Akaacha bisibisi ikaanguka. "Mbuta?" akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, na wateja wawili wa sukari wakageuka kumtazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza kufunga vifungo vya shati kana kwamba anakuja mchungaji.

Nina miaka kumi na tisa na najua watu watacheka mtu wa umri huu akiandika kumbukumbu. Lakini nimeandika kila siku tangu nikiwa darasa la sita, kwa sababu nilikuwa mtoto asiyeweza kusema kitu mbele ya watu watatu, na yale ambayo hayakutoka mdomoni yalibidi yatoke mahali. Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa kidato cha tatu, niliokaa Mamboleo kwa Anti na Anko. Kilichonipeleka kwao ni hadithi ndefu na si yangu peke yangu, kwa hiyo naiacha. Daftari la mwaka huo liko hapa mbele yangu, limefunikwa kwa karatasi ya kaki, na kurasa zake za mwezi wa nne zina alama za vidole vyenye grisi. Si zote ni za vidole vyangu.

Walinipa chumba cha stoo. Anti Risper alikuwa ameondoa nusu ya vyuma na kunitandikia kitanda. Nusu nyingine ilibaki, kwa hiyo nililala nikitazamana na rafu ya gasketi, mikanda ya injini na mitungi ya mafuta. Dirishani kulikuwa na turbo iliyokufa, ile pampu inayosukumia injini hewa. Sisi turbo tuliita konokono, kwa sababu ya umbo lake lililojikunja, na hii mapanga yake ya ndani yalikuwa yamepinda kama maua yaliyokauka. Nilitia kalamu zangu humo. Ukuta kati ya chumba changu na chumba chao ulikuwa mabati matupu na uwanja wa gereji ulianzia mlangoni pangu, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza habari za nyumba hiyo. Nilizisikia zote. Nilisikia Anti akimwambia Anko apunguze redio, na Anko akijibu kwamba redio iko chini kabisa, wakati mimi niliweza kusikia kila jina katika matangazo ya vifo.

Kazi ya Anko ilikuwa kuyapa magari pumzi. Vijana wa Kisumu, na watu wazima pia, walimletea stesheni wagoni za Kijapani zenye turbo, zile zenye tundu la hewa juu ya boneti, wakitaka ziende kuliko zilivyotoka kiwandani. Yeye alitoa ekzosi ya zamani nyembamba, kuanzia bomba linaloshuka kutoka kwa konokono hadi nyuma kabisa, akaweka pana aliyoiunda mwenyewe. Hakuwa na mashine ya kukunja mabomba. Alichukua mabomba ya chuma kisichoshika kutu, yaliyong'olewa kwenye mitambo ya zamani ya maziwa, akayakata vipande vya mshazari kama anakata mkate wa harusi, kisha akaviunganisha kimoja kimoja kwa welding hadi bomba lote lipinde kama shingo ya korongo. Kila kiungo kilikuwa na mistari midogo ya rangi ya zambarau na dhahabu. Nilikuwa nikitoka shuleni naketi kwenye tairi na kuhesabu viungo hivyo badala ya kufanya hesabu za mwalimu. Anti alinikuta siku moja akasema, "Wewe ukiolewa utataka pete ya ekzosi." Nilicheka hadi nikaona haya kwa kucheka.

Lakini gari likipewa pumzi nyingi linadai petroli zaidi, na kompyuta yake haijui kwamba mambo yamebadilika. Ndiyo maana kulikuwa na Kevo, kijana mwenye laptopu, aliyekuja kuifundisha kompyuta hiyo upya. Kevo akikosea kidogo, au petroli ikiwa haifiki vizuri, mafuta yanalipuka ndani ya injini kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda. Mafundi wanaita kugonga. Haionekani. Inasikika tu, tena kwa shida, na ikiendelea, pistoni inameguka. Anko alikuwa na kifaa chake cha kuisikiliza. Alichukua bomba jembamba la shaba, akalipondaponda ncha moja na kuifunga kwa bolti kwenye mwili wa injini, akachomeka mpira mrefu upande wa pili, akaupitisha dirishani hadi ndani ya gari. Mpira huo uligawanyika mara mbili, na kila tawi liliingia kwenye hedifoni kubwa, za wale wanaofanya kazi penye makelele. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mwanagenzi wake, ambaye alikuwa amehamia Nairobi.

Na kulikuwa na sheria. Gari lilipelekwa mlima wa Riat, kuanzia chini karibu na Mamboleo hadi kule juu upande wa Kiboswa, kwa gia ya tatu, asubuhi ya Jumapili watu wakiwa kanisani. Mwenye gari anaendesha, Anko yuko kando yake na hedifoni, na hakuna mtu anayefungua mdomo. Siku moja zamani yule mwanagenzi alipiga kelele "Inagonga!" na dereva akashtuka, akaingia mtaroni. Tangu hapo ikawa hivi: fundi akisikia kugonga, anapiga dashibodi kofi moja, dereva anaachia mafuta. Asipopiga, injini ni nzima. Fundi peke yake ndiye anayepiga. Vijana waliiheshimu sheria hiyo kuliko taa za barabarani.

Mwezi wa nne, shule zikiwa zimefungwa, Anko alinisimamisha mlangoni pa jikoni. "Karani," akaniita, kwa sababu alinijua kwa kuandika, "Jumapili utakuja na daftari. Unakaa nyuma, unaniandikia saa ya presha ya konokono inasoma ngapi. Na uvae hiyo hedifoni ya pili, isije ikaliwa na panya." Anti aliacha kukoroga mrenda. "Baba Beryl," akamwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuondoka nyumbani, "mtoto wa watu unampeleka wapi na hao wendawazimu?" Anko akacheka. "Anaandika vizuri. Wewe umeona mwandiko wake?" Mimi niliona fahari hadi nikaacha chai ikapoa. Hakuna aliyewahi kunihitaji kwa kitu nilichokifanya kwa siri.

Magari mawili ya kwanza yalikuwa salama. Niligundua kwamba ndani ya ile hedifoni kuna dunia nyingine: injini haingurumi, inanong'ona, na unaweza kusikia kila kitu kinachozunguka. Jambo moja nililiandika bila kulielewa. Kila tukianza kupanda, Anko alishusha kile kibao cha kuzuia jua kilicho juu ya kioo cha mbele, hata kama kulikuwa na mawingu. "Anko anaogopa jua," niliandika, na kuchora uso unaocheka.

Gari la tatu lilikuwa la Brayo. Brayo alikuwa kijana wa Kaloleni, mwenye maneno mengi, na gari lake la rangi ya fedha alilipenda hadi aliliosha kabla ya kulileta kuchafuliwa. Aliponiona nyuma akasema, "Wueh! Leo tuko na katibu mkuu. Madam katibu, uniandikie dua." Nilitazama magoti yangu. Tulianza kupanda. Sindano ya presha ilisimama palepale Kevo alipotaka, haikutikisika, na nikaandika. Kisha, tukiwa tumepita kona ya mawe makubwa, nikasikia kitu masikioni: tik, tik-tik, kama punje za mahindi makavu zinazoangukia sufuria tupu. Ikaacha. Ikarudi, mara hii zaidi. Nilisubiri kofi. Mkono wa Anko ulikuwa umetulia juu ya paja lake, na kidole kilicheza kidogo kwa kufuata ngurumo, kama mtu anayefurahia wimbo. Nikafikiri, basi hiyo siyo kugonga. Nikafikiri, yeye ni fundi kwa miaka kuliko umri wangu. Kisha nikafanya kile nilichozoea kufanya maisha yangu yote jambo likiwa zito: niliinamisha kichwa juu ya daftari, nywele zikanifunika, nikajifanya naandika. Kule juu Anko alivua hedifoni. "Iko sawa," akasema. Brayo alipiga honi hadi Kiboswa.

Usiku huo niliandika mstari mmoja. Naunakili ulivyo: "Nimesikia. Anko hakusikia. Sijasema."

Siku ya nne gari lilirudi likivutwa kwa kamba, likiwa na harufu ya mafuta yaliyoungua. Anko aliifungua injini mwenyewe, na pistoni ya nne ilitoka ikiwa imemeguka ukingo wake, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Brayo hakutukana. Ingekuwa heri. Alisimama katikati ya uwanja, watu wenye ovaroli wameacha kazi zao, akasema, "Fundi, si ulisema iko sawa? Wewe mwenyewe ulivaa hiyo kitu kwa masikio ukasema iko sawa." Anko akasema petroli ya siku hizi si nzuri. Alisema mara mbili. Mara ya pili hakumtazama mtu. Mchana huo tulikula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yakiwa mengi kwenye sahani, na nilisikia kila punje niliyoitafuna.

Habari hufika haraka Kisumu, na vijana wa magari wana kundi lao kwenye simu. Wakasema mkono wa Ogola umechoka. Miezi miwili hakuna gari lililoingia uwanjani isipokuwa pikapu ya jirani iliyotaka kuzibwa tobo. Anko alifagia gereji kila asubuhi kana kwamba kuna wageni. Kile kipande cha pistoni alikiweka kwenye rafu ya jikoni, kando ya mkebe wa chumvi, na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Nami kila nikichukua chumvi nilikiona, na mara nyingi nilikula chakula bila chumvi.

Ukuta wa mabati ndio ulionipa lililobaki. Ilikuwa alasiri, mvua inataka kunyesha, nao walidhani sijarudi kutoka shuleni. Anti alikuwa akiongea kwa nguvu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto, na bado alikuwa akilia. "Nenda wakupime. Baba Beryl, mimi nakuita mara tatu unaniambia ndiyo, chai iko tamu. Sijakuuliza chai!" Anko akasema polepole: "Sikio la kushoto liliisha mwaka juzi. Hili la kulia naligawana na grenda." "Na gari ya yule kijana?" "Niliangalia sindano. Sindano ilikuwa nzuri." "Kwa hivyo hukusikia." "Fundi wa injini asiyesikia, Risper, utamwambia nani? Nikisema hivyo leo, kesho nafunga hapa." Nilikaa kitandani na viatu vya shule. Nilitaka kubisha mabati niseme, mimi nilisikia. Kidole changu kiligusa ukuta. Hakikubisha.

Madam Caro alikuja mwezi wa saba. Alikuwa mkunga, mwanamke mrefu wa sauti ya upole, na alishuka kutoka kwenye stesheni wagoni ya buluu yenye boneti pana na tundu kama mdomo wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. "Naiita Mbuta," akamwambia Anko, akipigapiga paa. "Lakini imefungwa pua. Nataka ipumue." Anko akamuuliza kama amesikia maneno ya vijana. "Nimesikia. Mimi pia kuna watu wanasema sijui kazi. Wewe fanya." Sijui kama aliona jinsi Anko alivyogeuka kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi. Ekzosi ya Mbuta ilichukua siku kumi na moja. Haikuwa na kiungo hata kimoja kilichopotoka. Anti alipika samaki wa ngege wazima siku ilipomalizika, akaweka sahani ya Anko kwanza, na akasema kwa kawaida tu, kama anaongea na samaki, "Hii ikiharibika, tunarudi Awasi." Anko alisikia hilo. Au aliona mdomo wake.

Jumapili hiyo nilivaa sketi ya shule kwa sababu nilidhani itanipa ujasiri. Madam Caro aliendesha, Anko kando yake, mimi nyuma na daftari na hedifoni. Anko alishusha kibao cha jua. Mbuta ilianza kupanda na nilihisi mgongo wangu ukizama kwenye kiti. Ilikuwa na nguvu ya kutisha, na ile sauti yake nzito ilijaza kifua. Presha ilikuwa nzuri. Tukapita shamba la migomba, tukapita kona ya mawe. Sindano ikapita mstari kidogo, unene wa wembe. Na hapo zikaja: punje za mahindi. Tik. Tik-tik-tik.

Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Kichwa changu kilianza kuinama chenyewe. Niliona daftari, niliona mwandiko wangu mzuri, na kati ya mistari niliona kile kipande cha pistoni kando ya chumvi. Nilijirusha mbele kati ya viti viwili, nikapiga dashibodi kofi. Nililipiga kwa nguvu hadi mkono ukaniuma hadi kiwiko. Madam Caro akaachia mafuta. Mbuta ikanguruma, ikapunguza mwendo, ikasimama pembeni penye nyasi, na mtu mmoja aliyekuwa akipita na Biblia akatupungia.

Anko alivua hedifoni. "Nani amepiga?" Hasira yake niliijua, ilikuwa ya mtu aliyeogopa. "Ni mimi," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba. "Inagonga." Madam Caro alitutazama wote wawili. "Fundi, huyu mtoto anasema inagonga. Wewe umesikia?"

Gari tatu zilipita. Anko angeweza kusema mtoto huyu hajui kitu. Nisingebisha, na tungepanda tena, na labda Mbuta ingefika juu, na labda siku ya nne ingerudi kwa kamba. Aliishika hedifoni yake mikononi akaigeuza kama anatafuta mahali pa kuiweka. "Madam," akasema, "mimi sisikii. Si leo tu. Nina muda sisikii. Anayesikia ni huyu."

Madam Caro hakushtuka. Alizima injini. "Mimi nasikiliza mapigo ya moyo ya watoto tumboni," akasema, "kwa kitu kama hicho chako. Kuna siku sisikii vizuri, namwita mwenzangu asikilize. Mama mjamzito haokolewi na haya yangu." Kisha akanigeukia nyuma. "Wewe unaitwa nani? Maana sikukuuliza." Nikamwambia naitwa Achieng'. "Haya, Achieng', iligonga wapi? Nieleze polepole." Nikaeleza. Nilieleza kona, presha, idadi ya mapigo, na nilipomaliza niligundua nimeongea mbele ya watu wawili wakubwa bila kupumzika, na hakuna aliyecheka.

Tulirudi taratibu, na Anko aliifungua konokono ya Mbuta siku hiyohiyo. Kuna kilango kidogo pale, kinachoachia moshi uliozidi ili presha isipande kupita kiasi, na tundu lake lilikuwa dogo mno kwa ekzosi pana namna hiyo. Alilipanua kwa tupa, kwa mkono, tupa baada ya tupa, akisugua kidogo na kulipima kwa ncha ya kidole akiwa amefumba macho. Nilimtazama saa nzima. Masikio yake yalikuwa yamekwisha lakini vidole vyake vilijua unene wa unywele. Jioni alinikuta jikoni nikimenya vitunguu. Nikamwambia, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeshafungua mdomo na nilihofia ukifunga hautafunguka tena. Nilimgeuzia uso ili anisome midomo. "Anko, ile ya Brayo pia nilisikia."

Alivuta kigoda akakaa. "Nilijua utasikia," akasema. "Unafikiri nilikuita uandike presha? Presha naiona mwenyewe. Kile kibao cha jua kina kioo kidogo nyuma yake, cha wanawake kujitazama. Nilikuwa nakutazama uso. Nilijiambia, ukikunja uso nitajua inagonga, nitapiga dashibodi, na hakuna atakayejua." Alicheka kidogo, bila furaha. "Siku ya Brayo uliinamisha kichwa. Nikadhani unaandika." Nilianza kulia kwenye vitunguu, na vitunguu vilinisaidia. "Usilie, nyathina," akasema, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Mimi nilitaka masikio yako bila kukuomba. Huo ni wizi. Leo nakuomba. Utanisikilizia?"

Anti Risper, aliyekuwa mlangoni na tuliyedhani yuko dukani, akasema, "Kama ataenda huko mlimani, ale kwanza." Akachukua kile kipande cha pistoni kando ya chumvi na kukitupa kwenye mkebe wa misumari.

Jumapili iliyofuata Mbuta ilipanda Riat hadi juu, na mimi ndiye niliyesema iko sawa. Baada ya hapo tulienda Kaloleni, Anko na mimi, kwa miguu kutoka stendi. Brayo alikuwa na wenzake wanne nje ya nyumba. Anko hakumwita pembeni. Alisema hapohapo kwamba masikio yake hayasikii, kwamba si petroli, na kwamba atamjengea ile injini upya kwa mikono yake. Mimi nikasema nami nilisikia nikanyamaza. Brayo alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hivyo nyinyi wawili," akasema, "mmoja haskii, mwingine haongei, na mkaamua kunipima gari?" Rafiki zake waliangua kicheko, naye akashindwa kujizuia, akacheka pia, ingawa macho yake yalikuwa bado na uchungu. Injini yake ilikamilika mwezi wa kumi na moja. Aliipandisha mlimani na mimi nikiwa mbele, kiti cha Anko, na Anko nyuma. Brayo mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo. "Katibu mkuu," akaniambia, "ukisikia hata chawa akikohoa, piga."

Magari yalirudi, si yote. Wengine hawakutaka fundi kiziwi na msichana wa shule, na siwalaumu. Waliokuja walijua wanachokijia. Darasani nilianza kuinua mkono wote, si nusu. Sisemi niligeuka mtu mwingine. Mpaka leo nikiingia duka lenye watu natoka nije baadaye. Lakini mwaka huo watu wazima walizima injini zao ili wasikie ninachosema, na jambo hilo likimpata mtu mara moja halimtoki. Mwaka uliofuata sikio la kulia la Anko liliisha kabisa, nami nilikuwa na mitihani, naye akafunga gereji kwa hiari yake, akiwa na magari mawili ya watu yaliyomalizika uwanjani. Wakahamia Awasi, kwenye duka. Anarekebisha friji, baiskeli, mashine za kusaga. Anasema friji haina kelele nyingi za kukosa.

Mbuta iliingia pembeni mwa duka na kunyanyua vumbi juu ya omena zangu. Madam Caro alishuka, nywele zake zimeingia mvi mbele, akamkumbatia Anti, akanishika mabega akanisukuma nyuma ili anione vizuri. "Kuna kitu kinalia," akasema. "Wiki ya pili sasa. Kevo anasema hakuna kitu. Nikasema nitawapelekea wenyewe." Anko alikuwa ameshafika kwenye boneti. Hakungoja kuambiwa. Aliweka kiganja chake juu ya bati la mbele, vidole vimetawanyika, na Madam Caro akaiacha injini ikidunda. Nilisimama karibu nikasikiliza. Ilikuwa pale, nyembamba, chini ya ngurumo, upande wa kulia: si kugonga, ila pumzi inayovuja kwenye kiungo, fss, fss, kila injini inapovuta.

Watu wa duka walikuwa wamekusanyika, saba au wanane, na yule mtu wa dawa ya panya alikuwa amezima spika yake. Anko akanigeukia. "Iwinjo?" akaniuliza kwa Kijaluo, kwa ile sauti yake kubwa. Unasikia? Lilikuwa swali lake la kila Jumapili ya mwaka ule, juu kabisa ya mlima. Siku hizi anasoma midomo, na mtu akiinama hawezi kumsoma. Nikainua uso wangu wote, nikasimama mahali ambapo jua lilinipiga vizuri, nikamwambia.